Barabara Kabisa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani zenu, na msihangaike kuitafuta. Hata mkielekezwa ilipo hamtafika, kwa sababu ya foleni.

Foleni ya Jiji Kuu, kwa wasioijua, si ile ya kusimama kidogo ukasonga. Ni ile ya kuzima gari, ukashuka, ukanunua muhindi wa kuchoma, ukautafuna, ukagombana na dereva wa mbele, mkapatana, mkagundua kwamba ni ndugu wa upande wa mama, na magari bado hayajasogea. Wapo waliochumbiana humo. Mtaani kwetu kuna mzee alitoka nyumbani akiwa mtumishi wa umma, akafika ofisini amestaafu, akakuta wenzake wameshamfanyia sherehe ya kumuaga na kula keki yote. Hakuna aliyeshangaa. Sisi asubuhi hatuulizani hali, tunaulizana umetokea foleni gani.

Mimi ni Mpiga Makofi Daraja la Pili katika Wizara ya Barabara na Mwendo. Msicheke, ni ajira ya kudumu. Kila wizara ina wapiga makofi wake, nasi wa Barabara tunasifika kwa viganja vipana. Watu hudhani kazi yetu ni ya mikono, kumbe ni ya masikio: lazima ujue kiongozi amemaliza sentensi au anavuta pumzi tu, maana ukimpigia makofi kwenye pumzi umemharibia. Nayasema haya mjue kwamba nitakayoyaeleza sikuyasikia vijiweni. Nilikuwepo, safu ya mbele, viganja vimeachana kidogo, tayari.

Mtu pekee katika nchi nzima ambaye hakuijua foleni alikuwa Mtukufu Kiongozi wetu. Si kosa lake. Kila alipotaka kutoka, barabara zilifungwa tangu alfajiri, magari yote yakasukumwa pembeni, naye akapita katikati, king'ora mbele, king'ora nyuma. Aliona magari yamejipanga pande zote mbili na watu wamo ndani, nyuso zimebandikwa kwenye vioo. Akaamini wamekuja kumlaki. Aliwapungia mkono kwa moyo mkunjufu, na nyumbani akamwambia mkewe kwamba wananchi wanampenda kupita kiasi, wanakuja hadi na magari yao.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Pankrasi Lugome, ambaye udaktari wake ni wa kutunukiwa, alikuwa mtu asiyetulia. Miguu ilimcheza hata akiwa ameketi. Siku hizo kulikuwa na tetesi za mabadiliko ya baraza la mawaziri, na tetesi za namna hiyo zilimfanya achungulie dirishani kila lilipopita gari. Mwishowe akaona heri ajipeleke mwenyewe kwa Mtukufu na tatizo, kuliko kusubiri kuitwa akaambiwa yeye ndiye tatizo. Akatuchukua sisi wapiga makofi, tukaenda Ikulu.

Tulimkuta Mtukufu mbele ya kioo anajaribu meno yake mapya, yaliyokuwa yameletwa kwa ndege. Waziri akaeleza kwa sauti ya kubembeleza kwamba wananchi siku hizi wanasogea taratibu kidogo mjini, na kwamba huenda, kama itampendeza, serikali ikalitupia jicho jambo hilo. Mtukufu hakuwa anasikiliza. Aliyang'ata yale meno, akayagonganisha, akajichekea kwenye kioo, akaona yamekaa. Akasema, "Barabara."

Hapa inabidi nisimame. Neno hili, kama mjuavyo, ni la mapacha. Ukilikaza huku mwanzoni, umesifu, mambo yamekaa vizuri. Ukilikaza karibu na mwisho, umetaja njia ya magari. Hata mtoto wa chekechea hakosei. Lakini Mtukufu, kwa ajili ya ule ugeni wa meno, hakukaza popote. Neno lilitoka mdomoni limelala chali.

Tulipiga makofi, tukatoka. Ndani ya gari Waziri akaanza kutetemeka kwa furaha. Alisema viongozi wa nchi nyingine wangejaza makabati kwa mipango, huyu wetu amelimaliza tatizo la foleni kwa neno moja tu, barabara, yaani ijengwe barabara. Mhandisi Mkuu, Bwana Hamdani Shekivuli, mtu mwangalifu asiyeongea sana, akauliza ijengwe wapi. Likawa swali gumu. Kurudi kumuuliza Mtukufu kungeonyesha kwamba hatukumwelewa, na waliowahi kutomwelewa Mtukufu hatujui waliko. Waziri akafikiri, mguu ukimcheza, kisha akauliza: wakati anasema, mdomo wake ulielekea wapi?

Ulielekea kwenye kioo, na kioo kilitundikwa ukuta wa mashariki. Bwana Shekivuli akatoa dira mfukoni, akapima. Hivyo ndivyo barabara ya kwanza ilivyokwenda mashariki, ikapasua soko la nyanya, ikanyooka bila kupinda popote mpaka ilipokutana na bwawa la majitaka, ikaingia. Utaratibu huo ukapitishwa rasmi na kupewa jina, Uelekeo wa Mdomo. Tangu hapo Mhandisi Mkuu hakumwachia Mtukufu nafasi, kila aendako yuko nyuma yake na dira mkononi.

*

Tatizo ni kwamba Mtukufu alikuwa mtu wa kuridhika upesi. Alionyeshwa mahindi kwenye maonyesho ya wakulima, akayapenda, akasema barabara. Mahindi yakafyekwa, ikamwagwa lami. Aliulizwa ameuonaje mchezo wa fainali, akasema barabara, na mpaka leo magari huingia uwanja wa taifa kwa goli la kusini na kutokea goli la kaskazini, na wachezaji hutazama kulia na kushoto kabla ya kupiga kona. Siku moja aliinua uso kutazama ndege iliyokuwa ikimletea dawa ya kusafishia yale meno, akalisema lile neno mdomo ukiwa juu. Wakandarasi wakajenga barabara ya juu. Inapanda vizuri sana. Haijashuka.

Na magari yalipoona barabara zimeongezeka, nayo yakaongezeka. Foleni ikagawanyika, ikazaana, ikaingia vichochoroni ambako zamani walipita kuku. Watu wakaanza kunung'unika, na Waziri akaitisha mkutano wa hadhara kuwatuliza.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani jiji zima mlikuwa mnagombea foleni moja. Leo, kwa juhudi za Mtukufu, kila mwananchi anayo foleni yake mwenyewe, karibu kabisa na nyumbani kwake."

Nilipiga makofi mpaka pete ya ndoa ikanivuka.

Wananchi wakaerevuka. Mtaa ukisikia Mtukufu atapita, wakazi wanamwaga nje taka walizozitunza kwa kazi hiyo, wanapaka kuta matope, wanawakataza watoto kuoga, ilimradi asione kitu cha kumridhisha. Diwani mmoja alisahau kung'oa maua mbele ya nyumba yake. Sasa anaishi chini ya makutano ya barabara tano, na ukitaka kumtembelea lazima umpigie simu akuambie ni tundu gani la kushukia.

*

Sasa nije kwenye Wodi ya Wazazi ya Magengeni, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niketi niandike.

Lilikuwa jengo refu la matofali ya kuchoma, bati limepauka, na benchi la nje lililosuguliwa na makalio ya akina baba waliosubiri. Mimi nilizaliwa humo. Wanangu wote wamezaliwa humo, mikononi mwa yule yule aliyemzalisha mama yangu, Sista Eufrasia Tindwa, mkunga mkuu, mama mfupi mnene mwenye sauti ya kumfanya mwanamume mzima ajikute amevua kofia. Nusu ya jiji ilipitia mikononi mwake, na hata wakubwa walimwamkia. Upande wetu wa jiji hapakuwa na wodi nyingine. Nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto maana yake ni kupita kwenye foleni zote unazozijua na usizozijua.

Ilipotangazwa kwamba Mtukufu atatembelea Magengeni, Sista alijiandaa ipasavyo. Alikataza kupiga deki. Aliacha ndoo mlangoni makusudi, Mtukufu ajikwae. Aliwaambia wazazi waliokuwa na uchungu kwamba siku hiyo hakuna kujikaza, kila mtu apige kelele kadiri ya uwezo wake. Tulipoingia, harufu ilitupokea, Waziri akatoa leso. Mtukufu alipita kitanda baada ya kitanda amekunja uso, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Bwana Shekivuli alikuwa ameshairudisha dira mfukoni.

Kwenye kitanda cha mwisho alilala binti mmoja na kichanga chake cha asubuhi ile. Mtukufu akainama, sijui kwa nini, akakipelekea kidole. Kichanga kikakishika kile kidole, na hakikukiachia. Niliuona uso wa Mtukufu ukibadilika. Miaka yote nimemwona akitazama vitu anavyoonyeshwa, lakini siku hiyo alikuwa anaona. Alibaki ameinama vile mpaka walinzi wakaanza kutazamana. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea peke yake, "Barabara. Barabara kabisa."

Mikono yangu ilipiga makofi kabla sijaiwahi. Ndiyo ubaya wa ajira ya kudumu. Sista Eufrasia aligeuka akanitazama, na nilitamani sakafu inimeze.

Barabara kabisa ilikuwa haijawahi kutamkwa nchini. Wizara ikakaa kikao cha dharura, ikafafanua kwamba ikiwa barabara ya kawaida ina njia mbili, barabara kabisa haiwezi kuwa na chini ya njia nane. Kabla jua halijazama, ukuta wa wodi ulikuwa umepigwa alama ya X nyekundu, na chini yake neno BOMOA kwa mwandiko mzuri wa shule.

*

Kijiko, ile mashine ya kubomolea, kikaletwa, kikaegeshwa langoni kusubiri siku ya jiwe la msingi. Starta yake ilikuwa mbovu na dereva hakuthubutu kukizima, kwa hiyo kikawa kinaunguruma mfululizo. Humo wodini bati lilitetemeka, vikombe vikatembea vyenyewe mezani, na mama akiwa kwenye uchungu hajui kama anayenguruma ni yeye au ni ile mashine. Watoto waliozaliwa siku zile walikuwa wanashtuka hovyo, mikono juu, kama watu wanaodondoka. Mimi nyumbani nilikuwa nikilala nausikia ule mngurumo, ingawa ninakaa mbali.

Sista alikuja wizarani na sare yake nyeupe. Hakuja kuomba. Alimwambia Waziri kwamba Mtukufu alikuwa anasifu, na kila aliyekuwemo mle anajua kwamba alikuwa anasifu. Waziri, miguu ikimcheza chini ya meza, akamjibu kwamba serikali haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea kile ambacho kila mtu anakijua. Hata hivyo, kwa kuwa ni serikali sikivu, aliunda Kamati ya Mkazo chini ya profesa mmoja wa lugha, isikilize kanda iliyorekodiwa siku ile wodini na kubaini mkazo wa Mtukufu uliangukia wapi. Kamati ilisikiliza mpaka kanda ikakatika. Profesa akatoa taarifa, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba mkazo wa Mtukufu umegawanywa kwa haki katika silabi zote, jambo ambalo sarufi haikulitegemea, na kwamba kinachotakiwa kurekebishwa ni sarufi.

Sista akauliza wazazi watakwenda kujifungulia wapi. Waziri alifurahi sana kuulizwa. Alieleza kwamba njia nane zikikamilika, mjamzito atafika hospitali ya ng'ambo ya mto kabla uchungu wenyewe haujatambua kwamba ameondoka nyumbani. Sista akamkumbusha kwamba daraja la mtoni lina njia moja. Waziri akasema hilo liko chini ya Wizara ya Madaraja na Mitaro, na yeye si mtu wa kuingilia kazi za wenzake.

Sista alipotoka nilimfuata kwenye ngazi. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale makofi, akaniwahi.

"Wewe ulitanguliza miguu," aliniambia. "Mama yako tulihangaika naye kutwa nzima mpaka ukatoka. Sasa nataka kitu kimoja kwako. Siku ya hilo jiwe lenu, nisimamishe mahali Mtukufu atapita kunipa mkono."

"Sista, nitafukuzwa kazi."

"Hivi mwanangu," alisema, "hiyo nayo ni kazi?"

Nilimsimamisha.

*

Siku ya jiwe la msingi palikuwa na hema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na spika zilizoshindana na mngurumo wa kijiko. Waziri alihutubia kirefu. Alisema wapo watu wachache wanaodai kwamba barabara inabomoa, nao wamekosea, barabara haibomoi bali inafungua, na kama kuna kitu kimeanguka wakati wa kufungua, basi chenyewe kilikuwa kimeegemea mlango. Tulipiga makofi. Wazazi walikuwa wamesimama kwenye veranda ya wodi, mikono viunoni, wengine wameegemea nguzo.

Mtukufu akashuka kusalimia mstari wa wageni. Alipofika kwa Sista akampa mkono, na Sista akaushika, hakuuachia.

"Mtukufu," alisema, "siku ile ulipomwona yule mtoto, ulisema nini?"

Walinzi wakasogea. Mtukufu akawazuia. Alikuwa anakumbuka, na ile kumbukumbu ilimpendeza. Akafungua mdomo. Bwana Shekivuli akafungua dira.

"Usilirudie, baba," Sista akamkatiza. "Hilo neno, wewe ukilisema kwa kusifu, hawa wanalimwagia lami. Ndilo linalotubomolea wodi."

Mtukufu alitazama ile X ukutani, akawatazama wale wazazi, akakitazama kijiko. Niliona barabara zote za nchi zikimpita usoni moja moja: lile soko la nyanya, yale mahindi, lile goli. Uso ulimsinyaa, nikamwonea huruma, ingawa silipwi kwa hilo. Alimgeukia Waziri akamuuliza kama ni kweli. Waziri akajibu kwamba chochote ambacho Mtukufu ataona ni kweli kitakuwa ni kweli.

"Mimi nilikuwa nasifu," Mtukufu alisema taratibu. "Wodi hii isiguswe."

Vigelegele vilipanda kutoka verandani. Mimi nilihisi machozi, na sioni aibu kusema. Waziri alikuwa amepauka. Akainama, akauliza kwa heshima zote, kwa ajili ya kumbukumbu za serikali tu, kama basi wawaambie wananchi kwamba mambo yabaki yalivyo. Mtukufu akafungua mdomo kumjibu. Lile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, tuliliona sote. Sista akamtumbulia macho. Mtukufu akalimeza. Akatafuta jingine, jasho linamtoka, macho yanazunguka kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Mwisho akalipata. Akafurahi, akamtazama Sista ili naye aone kwamba amelipata.

"Sawasawa," akasema.

Bwana Shekivuli akairudisha dira mfukoni. Kutoka mfuko wa pili akachomoa pimamaji, kile kifaa cha mafundi chenye tone la hewa ndani, kinachoonyesha kama mahali pamelala sawa au pameinuka. Akakiweka juu ya ngazi ya wodi, akakichungulia, akatikisa kichwa. Hapakuwa sawa hata kidogo. Waziri alikuwa ameshaelewa, na rangi ilikuwa imemrudi. Pasawazishwe.

Sista naye akaelewa, kwa kuchelewa kidogo.

"Mtukufu, sema hapana," alisema. "Sema hapana tu."

Lakini ving'ora vilikuwa vimeshaanza. Mtukufu alikuwa anaingizwa ndani ya gari, anampungia mkono kupitia kioo, usoni ana raha ya mtu aliyefanya jambo jema. Nafikiri hata kama angemsikia asingeweza. Miaka yote niliyompigia makofi sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza swali linalolihitaji.

Wazazi walipewa muda wa kutoka. Walitoka na mabeseni na kanga zao, dripu zimeinuliwa juu na mashemeji. Mmoja alitolewa na godoro lake maana wakati wake ulikuwa umefika, akajifungulia nyuma ya hema la wageni waalikwa huku ukuta wa kwanza ukianguka. Waandishi wa habari walimuuliza Waziri kuhusu agizo la wodi kutoguswa. Alisema limetekelezwa kikamilifu, hakuna mkono wa mtu ulioigusa, kazi yote imefanywa na mashine. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilisimama pale na vumbi la mahali nilipozaliwa limenijaa mdomoni, nina hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

*

Barabara yenyewe ni nzuri, nisiseme uongo. Njia nane, nyeusi ti, taa kila upande. Inaanzia sokoni na kuishia darajani, ambako njia nane zote zinatakiwa kuingia kwenye moja. Ilifunguliwa asubuhi kwa kukata utepe, ikajaa kabla ya chakula cha mchana, na tangu hapo magari yaliyomo yanafahamiana kwa majina.

Wajawazito wa upande wetu wanapitia humo kwenda ng'ambo ya mto. Wanaondoka nyumbani uchungu ukianza, na wanapofika Magengeni, pale pale ilipokuwa wodi, mambo yanakuwa yameiva. Sista Eufrasia hakuhamishiwa kituo kingine, kwa maelezo kwamba kituo chake hakijafungwa, kimesawazishwa. Basi akarudi kazini. Anapita kati ya magari na mkoba wake wa glavu, nyembe, pamba na uzi, sambamba na wauza karanga na wauza maji, akitega sikio kila dirisha. Wale wauza maji ndio wanaomwita siku hizi, wanajua mlio. Akifungua mlango wa gari, kina mama waliomo magari ya jirani wanashuka na kanga zao, wanazishika pande zote, dereva anaambiwa atazame mbele. Wengi anawawahi. Wengine yuko njia ya kwanza wakati wao wako njia ya nane, na hao huwasikii kwenye hotuba yoyote.

Kwenye hotuba unasikia mengine. Waziri alilieleza Bunge kwamba nchi yetu ndiyo pekee yenye barabara inayotoa huduma ya uzazi bila mteja kushuka garini. Tetesi za mabadiliko zikamwacha. Na kwa kuwa Mtukufu tangu siku ile amekuwa mkimya, anaitikia kwa kope tu, Wizara ikaona miradi isikwame kwa kukosa maneno. Ikapanua utaratibu. Sasa Mhandisi Mkuu anaokota neno kutoka kwa mwananchi yeyote, mradi limetamkwa mbele ya Waziri, na hilo likaitwa ushirikishwaji.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakwenda kuzindua taa za kuongozea magari kule darajani. Waziri alikuwa amempakia binti yake Oliva, mwenye mimba pevu, ampitishe hospitali kwa msaada wa king'ora. King'ora kililia mpaka kikapata kwikwi. Hapakuwa na mtu wa kusukumwa pembeni, maana pembeni nako ni foleni. Tulipofika usawa wa Magengeni tukasikia Oliva anamwita marehemu mama yake. Muuza maji mmoja akapiga mluzi, na haukupita muda nikamwona Sista anakuja, anapita kwa ubavu kati ya malori, mkoba kichwani.

Hakumwamkia Waziri wala hakumfukuza. Alimsogeza tu mlangoni kama unavyosogeza kiti, akaingia. Kanga zikazunguka gari. Tulisimama juu ya lami, Waziri, Bwana Shekivuli na sisi wapiga makofi, jua la utosi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Mheshimiwa Daktari Lugome miguu ilikuwa imemtulia. Alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili. Nilimsikia anasali, na alisali kama mtu yeyote.

Kisha tukasikia mtoto analia, na lile gari lote likapumua. Kioo kikashushwa nusu. Ndani nilimwona Oliva amejilaza, jasho linamtiririka, anacheka. Sista alikuwa amekipakata kichanga, anakipanguza, kinarusha miguu.

"Sista," Waziri aliuliza, "mtoto yukoje?"

Sista akakitazama. Vidole vyote vilikuwepo, rangi ilikuwa nzuri, kilio kilikuwa cha mtoto mwenye njaa na afya. Akafungua mdomo kumjibu, kwa neno lile lile la kusifu alilowajibu akina baba na akina babu wa mji huu tangu aanze kazi. Hapo akamwona Bwana Shekivuli, ameinamia dirisha kwa heshima, dira mkono mmoja, pimamaji mkono wa pili, anasubiri.

Akakifunika kichanga kwa kanga mpaka kichwani. Akapandisha kioo. Waziri akagonga, akauliza tena.